Nilimpa Mtu Udiwani Kabla ya Hakimu

Kosa nilifanya mimi, na nitalisema lote. Lakini niacheni nianzie kwa bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama kazi yake ilikuwa kualika harusi. Zamani hizo hakuna kadi. Ukioza binti, unamwita mwanamke mwenye sauti na miguu, naye anavaa buibui lake anapita Mji wa Kale nyumba kwa nyumba: "Hodi! Binti ya fulani anaolewa Alhamisi, mwaitwa nyote!" Mimi nyuma, nimeshika pindo. Hajamaliza maneno, sharbati imeshakuja. Na mimi nimeshatiwa kaimati mkononi. Nyumba moja walikuwa na kasuku hodari wa kutukana wageni, lakini nikianza habari za huyo kasuku hatutafika.

Basi nikakua na jambo hilo moyoni, kwamba mtu akiingia na habari hupewa kitu kitamu. Shule sikukaa. Ila hilo nililisoma mpaka likaingia damuni!

Sasa tuje miaka ya tisini, vyama vingi vimeingia. Lo! Watu tulikuwa tumenyamaza miaka, tukafunguliwa midomo siku moja. Kila baraza likawa bunge. Leo wajukuu wangu wanabishana simuni na watu wasiowajua hata sura. Sisi tulibishana na majirani, uso kwa uso, mate yakirukiana, kikombe cha kahawa kikizunguka.

Baraza letu lilikuwa mbele ya nyumba ya Athumani. Athumani alikuwa mdarizi wa kanzu, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani tulipokuwa tukipigwa fimbo moja. Mkono hauachi sindano, mdomo hauachi siasa. Na miguuni pake hulala beberu lake, limenona, linatafuna magazeti ya jana. Mwenyewe alilipa jina Bwana Shauri, kama yule mkuu wa wilaya wa Kizungu zamani, kwa sababu, alisema, halifanyi kazi na kila mtu analiamkia. Lilikuwa likingoja akika ya mjukuu. Binti yake aliyeolewa Tudor alikuwa mjamzito.

Uchaguzi ukaja. Mpwa wa Athumani, kijana mmoja mpole akiitwa Twaha, akasimama udiwani. Mimi nilikuwa upande wa pili. Twaha akashindwa, akaenda mahakamani kusema kura zake zimechezewa. Kuanzia hapo baraza letu likawa na mawakili watupu! Hata muuza kahawa alikuwa na hoja za sheria.

"Mpwa wako hana kesi," nikamwambia Athumani. "Ana shati jeupe tu."

"We subiri, yakhe. Hakimu ana macho."

"Ana macho, na kura anajua kuzihesabu."

"Basi sikiza na wote msikize! Wallahi, Twaha akishinda kesi hii, nasoma maulidi papa hapa, na huyu Bwana Shauri namchinja, mtaa mzima upate kula! Na wewe mpinzani nitakupa paja."

Hapo pana nadhiri. Nadhiri si mzaha. Mtu akishaiweka mbele ya watu, siku jambo lake likitimia anaitoa, hangoji kesho.

Siku ya hukumu ikafika. Athumani mwenyewe moyo ulimdunda, akasema hawezi kwenda. Baraza likanituma mimi. Nani mwingine? Miguu ya bibi!

Nikatoka asubuhi. Na ningefika, kwa haki ya Mungu ningefika. Lakini ng'ambo ya barabara, kuitazama mahakama, alikuwako mama mmoja wa mbaazi na mahamri. Mbaazi zile zina nazi mpaka zinameremeta. Nikasema nikae kidogo, kesi hazianzi mapema.

Sahani ya pili, nikasikia vigelegele. Nikainua macho, watu wanamiminika langoni, wamembeba mtu juu juu, kijana, shati jeupe. Sura sikuiona. Sikuvuka barabara. Sikumuuliza mtu. Nilichowaza ni kimoja tu: mwingine asifike barazani kabla yangu!

Ah, mzee mzima nikakimbia! Kanzu nimeikunja mpaka magotini, ndala moja imebaki njiani. Nikaingia kichochoroni napiga kelele, "Athumani! Umeshinda! Twaha ni diwani!"

Athumani akaangusha sindano. Sijapata kumwona akiangusha sindano. Akanikumbatia akalia begani mwangu, akasema, "Ndugu yangu. Wewe wa upande wa pili, na umenikimbilia." Wanawake wakatoa vigelegele madirishani. Muuza kahawa akanipa halua ya bure. Nikaila.

Hapakupita muda, Bwana Shauri kachinjwa. Majamvi yakatandikwa, masufuria yakaazimwa, vitunguu vikaanza kukaangwa. Mimi nimekaa kati kama bwana harusi, kila anayekuja nahadithia upya. Na kila nikihadithia naongeza. Mara hakimu amevua miwani. Mara amempa Twaha mkono. Jamani, ulimi huu!

Ndipo akaja Kahindi, muuza barafu, na mkokoteni wake, ameagizwa barafu ya sharbati. Akaniinamia.

"Mzee, hapa pana harusi ya nani?"

"Si harusi. Mpwa wa Athumani ameshinda kesi."

"Ameshinda wapi? Mimi natoka huko sasa hivi, kuna barafu nilipeleka. Kesi ya udiwani haijaitwa. Hakimu amekwenda kula."

"Na yule aliyebebwa asubuhi?"

"Yule? Si yule kijana wa Makupa aliyesingiziwa wizi wa betri ya lori! Kaachiliwa."

Nikageuka kutazama masufuria.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa langu, msilitafute kwingine. Kukimbia na habari mbovu ni ujinga, na ujinga husameheka. Lakini wakati ule nyama ilikuwa bado haijatiwa sufuriani. Ningesimama nikasema, "Athumani, nimekosa, ngojeni kwanza." Watu wangenicheka wiki nzima, yakaisha. Nyama ingegawiwa majirani kama sadaka, basi.

Sikusema! Nilimwambia Kahindi, "Shusha barafu, nenda zako." Nikakaa pale na tasbihi, nikaanza kumwombea Twaha ashinde. Mimi! Niliyempigia kura mshindani wake na kumtukana msimu mzima! Sijawahi kumwombea mwanasiasa kwa moyo kama siku ile, na wala sitarudia.

Maulidi yakasomwa. Pilau ikapakuliwa. Athumani kwa mkono wake akaniletea paja, kama alivyoahidi. Nikasema moyoni sitakula. Kisha ile harufu ya bizari... Nikala. Ee Mola nisamehe, nikala mpaka mfupa.

Alasiri hiyo, mfupa bado mkononi mwangu, Twaha akatokea mwanzo wa kichochoro. Peke yake. Shati limelowa jasho, koti begani, anatazama chini. Vijana wakamwona. "Diwani! Diwani!" Wakamrukia, wakambeba juu. Wanawake wanamrushia asumini. Yule kijana anasema, "Niteremsheni, niteremsheni," nao wanadhani ni haya. Athumani amenyoosha mikono miwili, uso unang'aa.

"Mjomba," Twaha akasema kutoka juu ya mabega ya watu, na sauti ikamkatika. "Mjomba, nimeshindwa. Kesi imetupwa. Nani kawaambia nimeshinda?"

Walinigeukia tu, mtaa mzima. Na mimi mdomo umejaa nyama, siwezi kumeza, siwezi kutema.

Dirisha la nyumba ya pili, watu wa upande wangu, mtu akacheka. Mmoja kwanza. Halafu wote. Twaha akashushwa, akaingia ndani kwa mjomba wake, akafunga mlango. Ucheko ule ulimfuata mwaka mzima. Akipita sokoni, watoto: "Diwani, pilau iko wapi?" Udiwani hakuutaka tena.

Nyinyi wenye simu, nawaambia, maana nawaona wajukuu wangu. Matokeo hayajatoka, wao wameshatangaza. Kesi haijasomwa, wao wameshaihukumu. Mtu akija kuwaambia si kweli, wanamfukuza kama nilivyomfukuza Kahindi, kwa sababu sherehe imeshanoga. Vukeni barabara! Ulizeni! Na mkijua mmekosa, semeni saa hiyo hiyo, kabla mtu hajapikiwa aibu yake. Mimi mwenzenu nimeila, najua ladha yake.

Nilikuwa wapi? Eeh, Athumani.

Watu walitawanyika. Majamvi yakakunjwa. Tukabaki sisi wawili barazani, ameketi nilipozoea kumwona ameketi. Nilidhani atanitukana. Nilitamani anitukane.

"Ulifika mahakamani?" akaniuliza.

"Sikufika."

"Hilo nimekwishalielewa. Wewe na tumbo lako nawajua." Akatabasamu hata, kidogo. Nikapata matumaini, nikasogea. Akasema, "Kahindi alikuinamia akakwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka.

"Aliniambia hukumu haijasomwa."

"Kabla ya maulidi?"

"Kabla nyama haijatiwa sufuriani."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaokota sindano yake, akaichomeka kofiani. Akachukua ile kanzu aliyokuwa akiidarizi, akaikunja vizuri, kwanza mikono, kisha kifua, akaitia kwapani. Nikamwambia, "Athumani, ndugu yangu, keti." Baraza ni lake, nyumba ni yake, na mimi ndiye ninayemkaribisha!

Hakuketi. Alivaa viatu, akashika kichochoro kuelekea msikitini, akakata kona. Mimi nikakaa kumngoja. Usiku ule aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma. Na tangu siku hiyo, mpaka alipohamia Tudor kwa binti yake, mlango ule wa barazani hakuutokea tena.