Siku Niliyomwita Kavira kwa Megafoni

Ninaikumbuka Jumanne moja kule Kibati, kambini kwa wakimbizi wa vita, mwanangu. Jua lilikuwa limeshapanda, nami nilikuwa nimesimama juu ya jiwe la lava, nimeshika megafoni ya kambi, nikijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nakuandikia habari hiyo kwa sababu uliniambia kwamba ninyi vijana wa mtaa wa Mabanga mmeombwa kupanga huduma ya afya kwa wenzenu wa rika lenu, ukaniomba nikusaidie kuandaa orodha ya majina. Nilikuambia tutaongea kesho. Ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Vita vilitutoa kwetu Kiwanja. Tulifika Kibati kwa miguu, mimi, mama mdogo wangu na binti yake Kavira, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hao wawili ndio waliokuwa nyumba yangu. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari tu, lakini kambini hiyo ilitosha. Mtu aliyejua kuandika haraka alitafutwa kila siku.

Muuguzi wa kituo cha afya alituita. Alisema wajawazito wanakuja, watoto wachanga wanaletwa kupimwa kilo, wazee wanakuja, lakini vijana hawaonekani, na yeye anajua kwamba ni wagonjwa. Wasichana walikuwa wanaingia msituni kutafuta kuni, na unajua vizuri ni watu gani wenye bunduki waliokuwa msituni wakati ule. Wavulana walikuwa wanaficha maradhi yao mpaka wanatembea kwa kuchechemea. Akatuomba tupange siku yao peke yao.

Tuliipanga kwa mchana mmoja. Tulikuwa prezida wa kambi, katekista, mama wawili wa kamati, na mimi na kalamu yangu. Hakukuwa na kijana hata mmoja wa rika lao chini ya turubai tulilokaa, na hakuna aliyeona ajabu. Tulifanya kama tulivyozoea. Kambini kila kitu kilikuwa kwa orodha: unga, maharagwe, sabuni, ndoo. Jina lako, jina la baba yako, namba ya bloki. Unaitwa kwa megafoni, unajibu, unapanga mstari. Asiyeitwa hapati. Basi tukaona afya nayo igawiwe hivyo hivyo. Nilipita bloki kwa bloki nikiandika vijana, na wazazi waliyataja majina yao kwa furaha, kwa sababu walidhani orodha mpya italeta blanketi.

Jumapili Kavira, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alinikuta naosha sufuria.

“Yaya, ile siku ya vijana, mutaita majina?”

“Tutaita. Bila kuita, watu watapita mara mbili.”

“Mara mbili kwa muganga?” Alicheka kidogo. “Nani anapendaka sindano mara mbili?”

“Wewe kuya tu. Usilete maneno mingi.”

“Na muganga atakuwa mwanaume?”

“Kavira, niko na kazi.”

Ndivyo nilivyomjibu. Aliniuliza mara mbili, mwanangu, na mara zote mbili nilikuwa naitazama sufuria.

Siku ya Jumanne watu walijaa kutazama, kama walivyojaa siku ya maharagwe. Nikaita majina. Nikafika kwake: “Kavira, binti ya Paluku, bloki ya tisa!” Alikuwa amesimama karibu na bomba la maji na kidumu chake. Mvulana mmoja akapiga mluzi. Mama mmoja wa bloki ya nane, mtu asiye na ubaya, mwenye mdomo tu, akapaza sauti: “Ee Kavira! Na wewe pia? Banakuita kwa ugonjwa gani?” Watu wakacheka. Nikarudia jina. Nililirudia mara tatu, na mara ya tatu nililiita kwa hasira, kwa sababu niliona ananiaibisha mbele ya muuguzi. Kavira akakiinua kidumu kichwani, hata hakijajaa, akaenda zake. Mimi nikachora msalaba mbele ya jina lake, maana yake hayuko, nikaendelea na anayefuata.

Siku ile alikuwa na siku tano tangu yaliyompata kule kwenye kuni, mikononi mwa watu wale wa msituni. Hakumwambia mtu. Homa ilipomshika alisema ni malaria, nasi tukamwamini, kwani malaria ilikuwa ya kila mtu. Tulipombeba mpaka kituo cha afya alikuwa hajui tena jina langu. Muuguzi alisema, bila kunilaumu, kwamba angalikuja mapema angalipona. Tulimzika kwenye kaburi la kina kifupi, kwa sababu lava haichimbiki.

Kwenye matanga alikuwapo Mama Kahambu, mzalishaji mzee wa kambi, aliyepokea watoto wengi kuliko kituo chenyewe. Alinivuta kando.

“Masika, ulimuita ule mutoto kama kilo ya maharagi.”

Nikaanza kujitetea kwamba ndivyo orodha inavyofanya kazi, kwamba mimi sikujua.

“Nyamaza. Hakuogopa dawa. Aliogopa batu. Na batu, ni wewe ulibakusanya.”

Ningependa kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nilikasirika, kwanza juu yake, halafu juu yangu, na hasira ile ya pili haijaniisha mpaka leo, wala sitaki iishe.

Baada ya matanga nilikwenda kwenye kibanda cha Mama Kahambu, pale wasichana walipokuwa wanasukana nywele. Nikawauliza lile tulilopaswa kuwauliza kabla ya kugusa kalamu: mnataka iwe wapi, na nani awapokee? Walinitazama sana. Walijua nimetoka kumzika nani. Mwishoni mmoja akasema, “Hapa hapa. Kwenye misuko hakuna mutu anaulizaka umefuata nini.” Walitaka mwanamke. Walitaka majina yao yasiandikwe popote.

Muuguzi akamtuma mwenzake wa kike. Alikuja na dawa zake ndani ya kikapu cha mboga, akakaa kusukwa kama wengine, na msichana mwenye neno alisogea nyuma yake na kitana, akaongea naye sikioni. Yule muuguzi wa kike alisukwa na kufumuliwa mara nyingi mpaka ngozi ya kichwa ikamuuma. Wavulana nao walisema wanataka kando ya barabara, pale wanapongojea mizigo ya chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Basi muuguzi mwenyewe akawa anashuka huko, anainama kutazama magurudumu ya mbao kama mtu anayetaka kununua. Walikuja. Mwanangu, walikuja wengi.

Halafu prezida wa kambi akasikia, akaja kunidai orodha.

“Liste iko wapi?”

“Hakuna liste, Prezida.”

“Sasa tutajua namna gani nani amepita?”

“Hamutajua.”

“Masika, hii kambi iko na sheria. Jina yako itatoka kwenye liste ya chakula.”

“Utoe.”

Alilitoa kweli, pamoja na la mama mdogo. Ugawaji mara mbili ulipita hatukuitwa. Tulikula kwa Mama Kahambu na kwa majirani, tukashinda njaa siku nyingine, na sikuandika jina hata moja.

Baba mmoja naye alikuja, ngumi imekazwa. “Binti yangu alifika huku?”

“Papa, sitakuambia.”

“Kwa hiyo alifika!”

“Sikusema alifika. Sikusema hakufika. Nasema sitakuambia, leo wala kesho.”

Sikumdanganya. Uongo ungekuwa rahisi zaidi, lakini ukianza kudanganya kwa ajili ya watoto wa watu, siku moja utawadanganya na wao. Alinitukana mpaka akachoka, nami nilibaki nimesimama pale pale.

Mwishoni prezida alikuja na katekista na wale mama wawili wa kamati, na wanaume wawili wa kubomoa. Alisema kile kibanda cha misuko kinafundisha watoto kuwaficha wazazi wao mambo, na turubai ni mali ya kambi, lishuke sasa hivi. Wasichana walikuwa wamejaa ndani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, makali. Sikupata nafasi ya kuyasema.

Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Tangu tulipomzika Kavira alikuwa hasemi ila ndiyo na hapana. Akaweka majani chini, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

“Wangu alikuwa kwenye liste,” alisema. “Muende mumuulize.”

Katekista akavua kofia yake. Wale wanaume wawili wakaanza kutazama mawe. Prezida akageuka akaenda, na wengine wakamfuata. Ugawaji uliofuata tuliitwa. Hakuniomba msamaha, nami sikumngojea. Kibanda kilisimama mpaka kambi ilipovunjwa.

Sasa nisikilize. Orodha uliyoniomba sitakuandikia. Kabla hujapanga siku wala mahali, nenda ukakae na wasichana pale wanapokaa wenyewe, na wavulana vilevile, uwaulize, na wakikuuliza swali dogo, acha sufuria uwatazame usoni. Huenda hilo swali dogo ndilo lililowaleta. Muuguzi akitaka hesabu ya dawa, mpe idadi, usimpe majina. Wazazi watakasirika. Waache wakasirike, mimi pia ni mzazi, nilikasirika wakati wangu na sikufa. Wakubwa wa mtaa watakuambia ndivyo tunavyofanya siku zote. Ni kweli, ndivyo tulivyofanya, na nimekwambia nani alilipa. Usiwatukane, usiwakimbie pia. Watakutishia kukunyima kitu. Kama ni kitu unachoweza kuishi bila hicho, waambie wakichukue. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usijifiche nyuma ya utaratibu kama nilivyotaka kufanya mimi. Sema nimekosa, halafu urudi kazini siku ileile.

Vita havijatuacha. Bado watu wanashuka na magodoro kichwani kutoka Rutshuru na Masisi, na kila mara wanaoshuka wana watoto wa miaka kumi na sita. Hao ni wako sasa.

Mwanangu, Mungu akupe miguu isiyorudi nyuma mbele ya mwenye cheo, na sikio la kumsikia anayeongea polepole. Wale watakaokuja kwako wazima warudi wazima, na wale watakaokuja wameumia, wapone wazeeke, wakuzike wao, si wewe uwazike.