Aliyeajiriwa Kumbeba Mwanawe

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Zenovia Hriscu anashuka ngazi za bweni la wanafunzi akiwa amembeba binti yake mgongoni. Ngazi ni sita tu, lakini zina barafu. Kiti cha magurudumu kimetangulia chini, kimefungwa breki na kutandikwa blanketi.

"Mama, goti lako linalia," anasema Iustina sikioni mwake.

"Liache lilie. Likinyamaza ndipo uogope."

Mteremko wa viti vya magurudumu upo nyuma ya jengo, karibu na chumba cha kufulia. Mlango wake hufunguliwa saa mbili, na kipindi cha kwanza cha takwimu huanza saa mbili hiyo hiyo. Tangu Oktoba wameandika barua tatu kuhusu ufunguo. Barua ya tatu ilijibiwa kwamba ya pili imepokelewa.

Zenovia ana miaka arobaini na tisa. Akishamfikisha binti yake darasani, akamvua kofia na kumwekea kalamu katikati ya vidole, hukimbia hadi kantini ya chuo kuosha vyombo. Saa nne huvua glavu na kurudi kumpeleka Iustina chooni. Saa saba na nusu huvua tena.

Msimamizi wa jikoni, Bi Paraschiva, amezoea.

"Nikiona glavu zimewekwa juu ya sinki, naangalia saa. Dakika kumi na nane, kwenda na kurudi," anasema. "Haombi ruhusa, haugui. Mimi mtu asiyeugua ananitia wasiwasi."

Kuosha vyombo si kazi ya Zenovia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na kazi nyingine, yenye mkataba na siku za likizo ambazo hakuwahi kuzichukua. Alikuwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu, mwajiriwa wa halmashauri ya mji wao mdogo kando ya mto Siret, nchini Romania. Mshahara ulikuwa lei elfu mbili na mia tano hivi kwa mwezi. Mtu aliyemsaidia ni mwanawe mwenyewe.

Kila miezi sita alitakiwa kuandika taarifa ya kazi.

"Niliandika: nimemlisha, nimemwogesha, nimemgeuza kitandani mara nne," anasema huku akifuta mikono kwenye aproni. "Ukiandika hivyo kuhusu mtoto uliyemzaa, unafika mahali unajisoma kama mgeni."

Iustina alizaliwa na ugonjwa unaokula misuli polepole. Hajawahi kutembea. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya kuinua kikombe, siku hizi inainua kalamu. Baba yake alikwenda Uhispania kuchuma stroberi msichana akiwa na miaka minne. Mwanzoni alituma pesa, kisha akatuma salamu, kisha hata salamu zikakauka.

Juni iliyopita Iustina alimaliza sekondari kwa alama tisa na nukta sita kati ya kumi. Chuo kikuu kikampa nafasi. Agosti akatimiza miaka kumi na minane, na siku hiyo hiyo cheti chake cha ulemavu, ambacho kilikuwa cha mtoto, kikaisha nguvu. Ilimpasa kwenda mbele ya tume ya madaktari wanaopima watu wazima. Cheti kipya ndicho kingeamua kama ana haki ya msaidizi, na kama mama yake ana kazi.

Walingoja kwenye korido kwa muda wa saa tano. Zenovia alikuwa na faili la kadibodi mapajani, lenye picha za eksirei na nakala za kila karatasi aliyopewa tangu kujifungua. Akainama.

"Mwanangu, humo ndani usijifanye hodari. Leo si siku ya mtihani."

"Nikae kama gunia la viazi?"

"Kaa kama unavyokuwa alfajiri, kabla sijakuvisha."

Iustina alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya sherehe ya kumaliza shule. Aliichagua mwenyewe, na mama yake alitumia robo saa kuifunga vifungo.

Ndani walikaa dakika sita. Daktari aliyekuwa katikati alifunua faili, akakuta barua ya chuo.

"Chuo kikuu? Takwimu?"

"Ndiyo, daktari. Alama tisa na nukta sita," alijibu Iustina.

"Hongera sana. Sasa binti mwenye kichwa kama hiki anahitaji mtu wa kumshika mkono?"

"Kichwa sihitaji kushikwa, daktari. Chooni, ndiyo."

Mmoja wa wajumbe alicheka. Zenovia anasema alipokisikia kicheko hicho alijua mambo yameharibika. Baada ya siku kumi na tisa barua ikaja. Iustina ameshushwa kutoka ulemavu mkubwa wa kuhitaji msaidizi hadi daraja la chini yake. Sababu iliyoandikwa ni kwamba ameonyesha uwezo wa kujitegemea katika masomo.

Mwisho wa Septemba halmashauri ikavunja mkataba wa Zenovia.

"Siwezi kudanganya, nilimkasirikia," anasema. "Siku tatu hatukusemezana, ila 'inua mkono' na 'geuka'. Unamkasirikia mtu huku unampiga mswaki. Jaribu uone."

Siku ya nne alimwomba waahirishe chuo mwaka mmoja, mpaka rufaa isikilizwe. Walikuwa jikoni, ugali wa mahindi na jibini ya kondoo mezani, kijiko kikiwa mkononi mwa mama.

"Mwaka mmoja tu, Iustina. Mwaka ni nini?"

"Mwaka wako na mwaka wangu si sawa, mama. Mwaka ujao sijui kama nitashika kalamu."

Zenovia aliweka kijiko chini. Wiki hiyo hiyo walifunga mizigo.

Rufaa iliandikwa na karani wa ustawi wa jamii wa halmashauri, Bwana Toader, kwenye muda wake wa chakula cha mchana. Ameshapeleka mafaili mengi mbele ya tume, na amechoka nayo.

"Mtoto akifeli, wanasema hajiwezi, apewe. Akifaulu, wanasema anajiweza, anyang'anywe," anasema. "Nimewaambia wazazi wengine wasilete vyeti vya shule. Naona aibu kusema hivyo, lakini nimesema."

Majira ya baridi yalipita hivyo, kwa mshahara wa sinki na mitungi ya mboga zilizokaangwa na kusindikwa waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Zenovia alilala kwenye kitanda cha pili cha chumba cha bweni, saa yake ya mkononi ikiwa chini ya mto, akiamka kumgeuza binti yake kila ilipotetemeka. Januari alipoteza jino. Hakwenda kwa daktari, kwa sababu miadi iliyopatikana ilikuwa saa nne.

Februari mahakama ilitoa uamuzi. Hakimu alisoma faili lote, akaandika kwamba kusoma si kutembea, na kumrudishia Iustina daraja lake. Zenovia alimwambia Bi Paraschiva atafute mwosha vyombo mwingine. Kazi yake ilikuwa inarudi.

Kisha Bwana Toader akapiga simu, na Iustina akaomba iwekwe kwenye spika.

"Hongereni. Sasa nahitaji jibu moja niandike," alisema karani. "Mwenye haki anachagua: halmashauri imwajirie msaidizi, au apewe posho ya kila mwezi ajitafutie mwenyewe. Nimeandika mama, kama zamani, sivyo?"

"Hapana," alisema Iustina. "Andika posho."

Zenovia alikuwa akianika soksi juu ya hita. Aligeuka.

"Bwana Toader, ngoja. Huyu hajaelewa."

"Dada Zenovia, mwenyewe ana miaka kumi na minane. Saini ni yake."

Simu ilipokatwa, mama alikaa kitandani. "Nimekukosea nini?"

"Wanasema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mzigo umefika, mama. Sitaki punda afe."

"Unaniita punda?"

"Nimejiita mzigo kwanza."

Hawakuyamaliza siku hiyo. Zenovia anasema alilia kwa hasira, halafu akagundua kwamba kilio kile kina kitu kingine ndani yake, kitu chepesi, na hicho ndicho kilichomtia aibu zaidi. Wiki ya pili ndipo alipouliza nani atamgeuza.

Atakayemgeuza ni Nela, mwanamke wa miaka thelathini aliyewahi kuhudumia wazee. Ataanza tarehe mosi Aprili. Posho haitoshi kumlipa yote, hivyo Iustina amepata vipindi vya kufundisha hisabati kwa njia ya mtandao. Wiki hii Nela anajifunza, na Zenovia anamfundisha kwa sauti ya mtu anayekabidhi funguo za nyumba: bega la kushoto kwanza, usimvute kwa kwapa, supu isiwe ya moto kwa sababu hatakwambia.

"Nitakwambia," anasema Iustina.

"Hatakwambia," anarudia mama yake.

Zenovia anarudi mjini kwao. Kuna bustani ya miche ya mizabibu inayotafuta wafanyakazi, na kuna daktari wa meno. Anapoulizwa na mwandishi atafanya nini Jumatatu ya kwanza, anakunja blanketi la kiti cha magurudumu.

"Nitalala mpaka nichoke kulala. Halafu nataka kazi ambayo haiwezi kuniita mama." Anashtuka, anaziba mdomo kwa mkono. "Hilo usiliandike."

Iustina, ambaye Nela anamvisha soksi upande wa pili wa chumba, amesikia kila neno.

"Aandike tu," anasema. "Na aandike pia kwamba mimi ndiye niliyemfukuza kazi."