Tonton Aliyeniombea Kibali

Hapa Brussels kibali changu cha kazi hakikuwa changu. Aliyekiomba ni mwajiri, aliyekirefusha kila mwaka ni mwajiri, na siku ambayo mwajiri angenichoka, kazi na ruhusa ya kukaa vingeondoka pamoja. Sheria inataka ukae miaka mitano mfululizo ndipo uombe ukaazi wa kudumu, ambao haujali nani anakulipa. Ukikatika katikati unaanza upya, kana kwamba hujawahi kufika. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja.

Mwajiri mwenyewe ni mama wa Kibelgiji aliyerithi kampuni ndogo ya kutengeneza lifti kule mtaa wa Ganshoren. Sote tunamwita Madame. Ufundi niliupata Lubumbashi, kwenye mitambo ya kuteremsha watu migodini, na aliyeteremsha wachimba migodi hababaishwi na lifti ya mtaa wa Schaerbeek iliyokwama na kabati la mtu ndani. Kazi niliiweza. Kuongea na Madame ndiko kulikonishinda.

Miaka ya nyuma alikuwa akinianza yeye: "Tunarefusha, sivyo?" Nami naitikia. Mwaka ule akanyamaza. Ombi linatakiwa kupelekwa mapema, kabla kibali hakijakaribia kwisha, na wiki zilikuwa zinapita tu. Nyumbani nikawa nalalamika.

"Si umuulize?" mke wangu akasema.

Rahisi kusema. Kwetu mtu hamkumbushi mkubwa wake fadhila. Ni kumwambia amesahau utu. Basi nikamwendea tonton, mdogo wake mama, shemasi wa kanisa letu, aliyeongoza posa za nusu ya ukoo wetu. Yeye hakuona ugumu wowote.

"Bibi, kazi, nyumba, bon, yote muntu anaombewaka na bakubwa yake," alisema. "Weye utanyamaza. Ni miye njo nitasema."

Alikuja karakana amevaa suti ya Jumapili, mkononi mfuko wenye chupa ya whisky, kwa sababu huwezi kumfungua mkubwa mdomo kwa mikono mitupu. Madame alituketisha ofisini. Tonton akaiweka chupa mezani, akaanza mbali: ukoo wetu, marehemu baba yangu, utulivu wangu tangu utotoni, donc mtoto huyu sasa ni wako, tumekuja kukuomba usimtupe njiani. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi niliinamisha kichwa kama bibi harusi, na kusema kweli nilianza kupata raha.

Nilipoinua macho, Madame alikuwa mwekundu hadi shingoni. Aliirudisha chupa upande wetu.

"Bwana huyu unamlipa?" aliniuliza. "Nani amewaambia kwangu vibali vinanunuliwa?"

Kwa Wabelgiji, mtu wa nje anayefika na zawadi kwa ajili ya kibali cha mwenzake ni dalali, na mwajiri anayeipokea anajitafutia mahakama. Shemasi wetu akawa dalali hivihivi. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka. Tonton alitoa leso, akajifuta uso, akanigeukia.

"Alors, sema weye," akasema. "Miye yangu imeisha."

Madame naye alikuwa akinitazama. Alisema alinyamaza kwa makusudi. Mafundi wawili kabla yangu aliwahangaikia mwaka hadi mwaka, wakapata ukaazi wa kudumu, wakahamia kampuni kubwa bila hata kuaga. Safari hii alitaka kusikia mimi ninataka nini. Alingoja, sikusema neno, akaamini nimeshapata kazi kwingine. Tayari alikuwa ameanza kuzungumza na fundi mwingine.

Kumbe tulikuwa tunangojana, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

"Nataka kubaki, Madame," nikasema. "Naomba unirefushie." Nilitokwa jasho kuliko siku ya ndoa yangu.

"Na ukishapata ukaazi, utabaki kwangu?"

Tonton alinikanyaga mguu chini ya meza. Kwenye posa jibu ni ndiyo, mengine mtayamaliza nyumbani. Lakini miaka yote ile nilichokuwa nakitafuta ni siku ambayo kubaki au kuondoka ni shauri langu, na sikuweza kuiuza kabla haijafika.

"Sijui," nikamjibu.

Tonton akafumba macho. Madame akaigeukia kompyuta, akafungua fomu ya kibali na kuniomba pasipoti.

Ukaazi niliupata mwaka uliofuata. Kesho yake nilikwenda kazini saa yangu ya kawaida. Madame alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, amekunja mikono.

"Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kazini," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila kumwogopa.