Kipande cha Mama Rabia

Kwa miaka ishirini na miwili Nasuru aliwapikia askari, na njia aliyoijua ilikuwa moja tu: vyote sufuriani kwa pamoja, moto mkali, saa ya chakula ikifika, pakua. Alipostaafu alipata kazi jikoni mwa shule moja ya bweni Arua, akaendelea vilevile.

Jumapili hiyo alikuja kwao Koboko na kilo mbili za nyama ya ng'ombe. Mama yake, Rabia, tangu meno yalipomwisha hakuwa amekula nyama. Alikunywa mchuzi tu na kuwaachia wengine vipande. Nasuru aliapa kwamba leo atakula, tena atampikia yeye mwenyewe. Gari la abiria la Yasiri, lililomleta, lingerudi Arua saa tisa.

Saa nne alitia nyama, boga, bamia na maembe mabichi, akajaza maji, akachochea kuni. Saa sita akafunua. Boga lilikuwa limeyeyuka, maembe yamebaki nyuzi. Na nyama? Uma uligoma kuingia.

Mama, pale mkekani kwake, alicheka. "Boga iko wapi? Nyama iko pale pale kama buti."

"Huyu ng'ombe alikuwa mzee, Mama."

"Hata mimi iko mzee. Toa kuni mbili. Funika. Boga na embe ingine utaweka mwisho."

Akatoa kuni, akafunika. Akakaa. Akainuka, akaenda mpaka barabarani, akarudi, akafunua tena.

"Wacha mfuniko! Hapa hakuna paredi."

Saa nane uma uliingia nusu. Alikata boga lililobaki kwa pupa, nusura ajikate kidole. Saa tisa kasoro dakika kumi honi ililia njiani.

"Afande!" Yasiri aliita. "Watu wanakaa kwa jua!"

Nasuru aliitazama sufuria, akaitazama saa. Kesho saa moja asubuhi watoto mia nne wangetaka uji.

"Nenda," alisema. "Nitatoka na boda alfajiri."

Saa kumi akatia boga na maembe. Saa kumi na moja Mama alichukua kipande, akakikandamiza kwa ulimi, akafumba macho. Nasuru alisimama mbele yake, mguu ukipigapiga ardhi.

"Chumvi kidogo," Mama alisema hatimaye, akimsogezea bakuli. "Na uongeze nyama. Si mchuzi. Nyama."