Ubeti wa Tatu

Baba yangu alikuwa mtunza ghala msaidizi wa shirika moja la umma, na katika miaka mingi ya utumishi wake hakuwahi kuingia ndani ya ghala hilo. Mashirika yalikuwa na bendi, bendi zilikuwa na waimbaji, na kwa kuwa katika orodha ya vyeo hapakuwa na cheo cha mwimbaji, kila mpiga muziki alitafutiwa kazi iliyokuwa wazi. Mpiga tarumbeta alikuwa tarishi. Mpiga tumba alikuwa mlinzi. Baba alitunza ghala. Gitaa alilopiga lilikuwa mali ya shirika, lina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni, na kila alipolileta nyumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu alilitilia saini kama mtu anayeazima gari.

Naeleza haya kwa sababu nimekaa katika semina nyingi nikiwasikia wasomi wenzangu wakisema kwamba wanamuziki wa dansi wa zama za Ujamaa walikuwa kasuku wa serikali: waliimba walichoambiwa, wakapokea mshahara mwisho wa mwezi. La mshahara ni kweli. La ukasuku nalikataa, tena silikatai kwa nadharia. Nilikuwapo, na karatasi niliziandika mimi.

Wimbo haukurekodiwa redioni kabla maneno yake hayajapelekwa kwa maandishi kwenye kamati ya kukagua nyimbo. Zilihitajika nakala tatu: moja ya kamati, moja ya afisa utamaduni wa shirika, moja ya bendi. Mwandiko wa baba ulikuwa kama nyayo za kuku uani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nina mwandiko uliosifiwa shule nzima, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu. Nililala kifudifudi sakafuni, karatasi za kaboni katikati ya zile nyeupe, nikikandamiza kalamu ili maneno yafike mpaka chini.

Mama hakuhusika na muziki. Alikuwa mtu wa Kusini aliyelelewa chuoni na kusoma Kurani, na hakuwahi kukanyaga bugi, lile dansi la Jumapili mchana ambalo nusu ya majirani zetu walilisubiri wiki nzima. Yeye alikuwa na vitumbua vyake. Alivikaanga barazani kila asubuhi, na vitumbua vinataka sukari, na sukari ilipatikana duka la ushirika kwa foleni. Siku moja alirudi na kikapu kitupu, akakitua chini kama kimejaa mawe.

“Imekwisha,” alisema kabla hajaulizwa.

“Si walishusha lori zima jana?” baba aliuliza. Alikuwa anakula.

“Lori zima. Nimesimama tangu adhana ya alfajiri, mtu wa sita kutoka mlangoni. Meneja katoka, kafunga mlango wa mbele, anasema ndugu wananchi, sukari imekwisha. Nikazunguka uani niombe maji ya kunywa. Nakuta magunia yanapakiwa kwenye mkokoteni.”

“Ukasema nini?”

“Nikamwuliza, ndugu meneja, huu Ujamaa ni wetu sote, au ni wa mlango wa nyuma?”

“Akajibu?”

“Akaniambia nikamshitakie mjumbe wa nyumba kumi.”

Baba aliacha kula. Vidole vyake vilianza kugonga meza polepole, na mama akamkazia macho.

“Baba Watoto, usinitie kwenye wimbo.”

“Nani kataja wimbo?”

“Hivyo hivyo uligonga meza ulipomwimba kaka yangu. Mpaka leo hanisalimii.”

Wimbo ulikuwa tayari ndani ya juma moja. Ulikuwa na beti nne. Wa kwanza na wa pili zilisifu kazi ya pamoja, jembe na kiwanda, na baba aliimba beti hizo kwa moyo wake wote. Hili wenzangu hawalielewi upesi. Baba aliamini. Kadi ya chama aliivaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na alipofua shati aliitoa kwanza akaiweka juu ya kabati. Hakuimba dhidi ya Ujamaa. Aliwaimba waliokuwa wakiuchota kwa mlango wa nyuma. Ubeti wa nne ulikuwa wa kuhimizana. Lakini ubeti wa tatu ulikuwa wa mama, karibu neno kwa neno:

Nimesimama tangu alfajiri, kikapu mkononi,
Mwasema sukari imekwisha, mlango mmefunga;
Magunia nimeyaona kwa macho yakitoka uani,
Ndugu meneja, Ujamaa ni wetu sote, au ni wa mlango wa nyuma?

Desturi ya bendi ilikuwa kuujaribu wimbo ukumbini kwanza, kabla ya kuupeleka redioni. Kwa Jumapili kadhaa makuli wa bandarini, wachuuzi wa sokoni na wake zao waliucheza, na kila ulipofika ubeti wa tatu waliacha kucheza wakaimba. Karatasi zilipopelekwa kwenye kamati, Kariakoo ilikwisha kuujua wimbo wote.

Karatasi zilirudi na mstari mwekundu juu ya ubeti ule. Hapakuwa na matusi wala vitisho, ni mstari tu, na neno moja pembeni: “Uondolewe.” Afisa utamaduni akaongeza yake kwa mdomo, kwamba mahali hapo patafutwe ubeti wa kusifu mafanikio ya shirika.

Nilitaka kumwokoa baba. Nilikuwa mwanafunzi mtiifu, na niliamini kwamba waliokaa kwenye kamati walijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Nikautunga ubeti huo mwenyewe, wenye vina vilivyokamilika, kuhusu magurudumu na mitambo. Baba aliusoma mara mbili.

“Una kipaji.”

“Utauimba, basi?”

“Siuimbi. Shirika linafanya kazi nzuri, hilo halina ubishi. Lakini hapa amesimama mtu, mwanangu, na kikapu chake. Huwezi kumwondoa mtu mahali pake ukaweka mtambo.” Alinirudishia karatasi. “Nakili upya. Beti tatu tu, tuwapelekee yaishe.”

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka ule nilikuwa katibu wa darasa. Zama zile tuliishi kwa mikutano, na tulifundishwa kuandika kumbukumbu za mikutano kama wengine wanavyofundishwa dini. Kanuni mojawapo ilisema kwamba namba ya ajenda haibadilishwi: jambo likifutwa, namba yake inabaki, na chini yake panaachwa wazi. Nikaandika namba moja na ubeti wake, namba mbili na ubeti wake, namba tatu, nikaacha mistari minne mitupu, kisha namba nne. Niliposhituka, kaboni ilikuwa imekwisha kuipeleka nafasi ile tupu kwenye nakala zote tatu. Karatasi za kaboni hazikupatikana madukani, na hizo zilikuwa za mwisho. Nikalia.

Baba aliichukua nakala ya juu, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

“Usiifute,” alisema.

“Nimekosea, baba.”

“Umekosea vizuri.”

Nakala zilirudi zimegongwa muhuri. Kamati ingekataa nini? Chini ya namba tatu hapakuwa na neno lolote. Na siku ya kurekodi, bendi iliupiga wimbo kama ulivyoandikwa: ubeti wa kwanza, wa pili, kisha muziki wa ubeti wa tatu ukapita mzima, gitaa la rithim na besi vikitembea chini chini, bila sauti ya mtu, kisha wa nne.

Ulipopigwa kwa mara ya kwanza redioni, katika kipindi cha salamu cha mchana, mama alikuwa akiosha vyombo uani. Redio za mtaa mzima zilikuwa wazi. Beti mbili zikapita. Ikaja ile nafasi tupu, nami nikaona aibu, kama kosa langu limetangazwa nchi nzima. Ndipo mpangaji wa chumba cha mbele, mwanamke aliyekuwa akisuka mkeka, akaanza kuimba bila hata kuinua kichwa: nimesimama tangu alfajiri. Nyumba ya jirani ikapokea. Ng’ambo ya mtaa fundi cherehani akaimba mguu wake ukiwa kwenye mashine. Ubeti uliofutwa ulikuwa unapita juu ya mabati ya Kariakoo, na redio yenyewe ndiyo iliyokuwa inawapigia muziki. Mama aliendelea kusugua sufuria ileile, ambayo ilikwisha kung’aa.

Haikuchukua majuma mawili, afisa utamaduni akaja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa.

“Shikamoo,” nilimwamkia.

“Marahaba, binti.” Akamgeukia baba. “Ndugu, unajua kinachoendelea huku mitaani?”

“Wananchi wanaimba, ndugu afisa.”

“Wanaimba kitu ambacho hakimo!”

“Sasa mimi nifanyeje? Mimi nimeimba kilichogongwa muhuri.”

Afisa alijifuta jasho. “Nisikilize. Jumapili wakubwa wa shirika wanakuja kwenye bugi kusikiliza wimbo huu kwa masikio yao. Mtaupiga kama ulivyo redioni. Neno moja la ubeti ule likitoka kinywani mwako, Jumatatu unarudisha gitaa ofisini, na ghalani unaingia kweli kweli.”

Ni lazima msomaji wa leo aelewe uzito wa maneno hayo. Gitaa halikununulika. Hakuna duka lililouza hata nyuzi. Baba alichemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili zirudishe sauti. Alikuwa amepita miaka arobaini, na ufundi wake wote ulikuwa ndani ya kitu chenye namba ya shirika mgongoni. Wakikichukua, baba angebaki mtunza ghala. Siku zote zilizobaki kabla ya Jumapili hakugonga meza hata mara moja.

Jumapili hiyo mama alivaa doti yake mpya ya khanga, akaniambia nivae viatu.

“Tunakwenda wapi?”

“Kwa baba yako.”

Ukumbi ulikuwa wa wazi, karibu na Mnazi Mmoja, na jua lilikuwa bado kali. Wakubwa wa shirika walikaa viti vya mbele na soda zao. Baba alituona tukiingia, akakosea uzi mmoja wa gitaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Wimbo ulipoanza watu walicheza kwa adabu, jicho moja kwa viti vya mbele. Baba aliimba ubeti wa kwanza. Aliimba wa pili. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti, akafunga mdomo kabisa, akapiga gitaa tu.

Hakuna aliyeimba. Mstari wa kwanza ulipita mtupu. Watu mia kadhaa waliokuwa wakiuimba ubeti ule nyumbani kwao walitazama viatu vyao, na mimi niliwaelewa, maana nilikuwa natazama vyangu. Nilimwona baba akiangalia chini, na nikajua kwamba mstari wa pili ukipita hivyohivyo, wimbo ule utakuwa kweli umefutwa, na safari hii tutakuwa tumeufuta wenyewe.

Pembeni yangu mama akaimba. Hakuwa na sauti ya kuimba. Alikuwa na sauti ya kumwita mtoto aliye mtaa wa pili. Mwasema sukari imekwisha. Aliimba akiwa amesimama wima, mkono mmoja umeshika pindo la khanga, anawatazama wale wa mbele. Kwenye mstari wa tatu makuli waliingia kwa sauti zao nzito. Wa nne uliimbwa na ukumbi mzima, na waliokuwa nje ya ukuta pia. Mmoja wa wakubwa, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa akigonga goti lake kufuata mdundo. Alipojigundua, akautia mkono mfukoni.

Jumatatu baba alilibeba gitaa mwenyewe hadi ofisini, akaliweka juu ya meza kabla hajaambiwa. Alitusimulia jioni ile, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akijisifu. Afisa alikuwa na fomu ya taarifa mbele yake.

“Nani waliimba?”

“Mimi sikuimba.”

“Hilo nimekwisha kuliandika. Nauliza walioimba.”

“Andika Kariakoo.”

“Kariakoo siyo mtu! Na yule mwanamke aliyeanza?”

“Yule ni mwenye wimbo, ndugu afisa. Mimi niliuazima tu kwake.”

Hawakuweza kumwadhibu kwa kosa ambalo fomu yenyewe ilisema hakulitenda. Walimwachia gitaa. Sauti wakaichukua: tangu siku hiyo alikatazwa kuimba jukwaani, na bendi ikatafuta mwimbaji mwingine. Adhabu hiyo ilikuwa kubwa, na sitaki kuipunguza ili masimulizi yangu yapendeze. Nilikuwa naipenda sauti ya baba yangu, na sikuisikia tena kwenye kipaza sauti.

“Wamekufukuza?” mama alikuwa amemwuliza mara tu alipoingia.

“Wamenikataza kuimba.”

Mama alilichukua gitaa mikononi mwake, akaliegemeza ukutani kwa uangalifu, kisha akamletea maji ya kunawa.

Jumapili iliyofuata baba alisimama nyuma, kati ya besi na ngoma. Mwimbaji mpya aliimba beti mbili, akarudi nyuma hatua mbili. Mama alikuwa mbele. Aliendelea kwenda kila Jumapili ambayo wimbo huo ulikuwa kwenye ratiba, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba alilipenda dansi. Alikwenda kama watu wanavyokwenda mkutanoni: akikaa kitini, mkoba mapajani, akisubiri zamu yake. Akisha kuimba ubeti wake alinigusa bega, tukatoka, tukarudi nyumbani kuloweka mchele.