Oskiloskopu Ndogo Iliyokwenda Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa kampuni alinionyesha meza iliyosukumwa ukutani nyuma ya bohari la vipuri, pale Busia, akaniambia hiyo ndiyo karakana. Juu yake palikuwa na chuma cha kulehemu, bisibisi kadhaa na mita moja ya mshale ya kupimia umeme. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi juzi juzi tu, msichana wa hapa hapa Busia, na madereva waliokuja kuchungulia walidhani mimi ni karani aliyekosea mlango. Niliwaacha wadhani. Nilichomeka chuma changu kwenye umeme nikaanza kazi.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, na kampuni yetu ilikuwa ya malori ya kwenda Uganda kupitia vituo vya mpakani vya Busia na Malaba. Kila kituo kilikuwa na redio ya mawasiliano, ile ya kusema na kujibu, maana simu ya siku hizo ungeihangaikia asubuhi ukampata mtu jioni. Malaba wakituambia foleni imeziba, sisi tunayapitisha malori Busia. Malaba wakinyamaza, malori yanakwama huko, mzigo unaoza, na wenye mzigo wanapiga kelele. Na lawama inakwenda kwa nani? Kwa fundi, basi.

Redio ya Malaba ilinitesa, siwafichi. Mtu akizungumza, sauti yake inazama ndani ya mngurumo. Ikiletwa mezani kwangu, naifungulia, naipima, nzima kabisa, inaongea kama kengele. Nairudisha Malaba, haikai, inanguruma tena. Mkuu wa Kituo wa kule, mzee mmoja mnene asiyependa kubishiwa, akaanza kuniita fundi wa kupangusa vumbi, eti redio inarudi imefutwa vumbi tu. Aliniudhi.

Maneno yakafika juu. Mhandisi akaja mwenyewe, akaniambia waziwazi kwamba makao makuu wamechoka: redio ya Malaba isipopona, karakana inafungwa, redio zote zitatengenezwa Nairobi, na mimi nitapelekwa huko huko kuwa karani wa bohari. Karani! Halafu akaongeza maneno ambayo namshukuru kwayo mpaka leo.

"Sitaki waseme nilikunyima vifaa. Chagua oskiloskopu, moja tu, uchague mwenyewe. Nikirudi nataka kuisikia Malaba."

Kwa asiyeijua, oskiloskopu ni chombo chenye kioo kama cha televisheni ndogo, kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Mita inakuambia umeme ni kiasi gani. Oskiloskopu inakuonyesha sura yake.

Bwana Hamisi, mwenye duka la redio mjini, alituletea mbili za kuchagua. Moja ilikuwa kubwa, ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, yenye miale miwili na vitufe vya kujaza uso mzima, nayo ilibebwa na wanaume wawili. Ya pili ilikuwa ndogo, ya transista, mwale mmoja, ina mpini juu kama sanduku la shule. Msimamizi wa Bohari, aliyekuwa bosi wangu wa kila siku, aliipenda ile kubwa kufa. Alisema wageni wakiingia wakaiona watajua hapa kuna wataalamu.

Mimi nilichagua kwa kazi, si kwa wageni. Kwanza nilitazama masafa ya mawimbi: redio zetu hazikuvuka megahezi saba, na ile ndogo ilisoma vizuri mpaka kumi. Ya nini kulipia masafa ambayo hatutayafikia? Pili, umeme wetu ulikuwa wa kupanda na kushuka, na valvu zikipata umeme wa hivyo, mstari kwenye kioo unatangatanga. Tatu, nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba ugonjwa wa ile redio hauko ndani ya redio. Unabaki Malaba. Nilimuuliza Msimamizi kama ataibeba ile kubwa mgongoni mpaka Malaba. Akacheka, akasema haya, chukua mtoto wako.

Tukabakia na probu. Probu ni waya maalumu wenye ncha ya kugusia, unaotoa umeme kwenye kifaa na kuupeleka kwenye oskiloskopu. Bwana Hamisi alitaka kunipa waya wa kawaida, akidai ni yale yale. Yale yale wapi! Waya wa kawaida unailemea sakiti, wakati mwingine unaizima kabisa, halafu unamtafuta mchawi. Nilitaka probu ya kuugawa umeme kwa kumi, inayogusa bila kulemea, na yenye skrubu ndogo ya kurekebishia. Nikamwambia bila probu mbili za namna hiyo, moja ya akiba, arudi na mashine yake. Alinung'unika, akazitafuta, akazileta.

Na hapa vijana mnisikilize vizuri. Kabla ya kupima chochote, unaigusisha probu kwenye pini ya majaribio iliyo kwenye oskiloskopu yenyewe. Kioo kinatakiwa kuchora mraba ulionyooka. Pembe zikipinda, unazungusha ile skrubu mpaka zinyooke. Mimi nilifanya hivyo kila siku niliyofanya kazi.

Nikapanda lori la kwanza la kwenda Malaba, oskiloskopu mapajani. Mkuu wa Kituo alinipokea kwa kuuliza kama safari hii nimemletea televisheni. Nikasema shikamoo mzee, nikachomeka mashine, nikaomba redio iwashwe. Redio ilitumia betri ya lori iliyokuwa chini ya meza, nayo betri ilijazwa na chaja wakati wote. Niliigusa kwa mita: mshale ukasimama vizuri kabisa, volti kumi na mbili na ushee. Nikaigusa kwa probu. Kioo kikachora vilima, kilima baada ya kilima.

Mkuu wa Kituo akainama akatazama. "Hiyo mashine yako ni mbovu, dada. Betri haina milima."

Niliihamisha probu kwenye pini ya majaribio, mraba ukatokea umenyooka kama tofali. Nikairudisha kwenye betri, vilima vikarudi.

"Mashine ni nzima, mzee," nikasema. "Betri ndiyo imekufa. Redio inakunywa umeme wa chaja moja kwa moja, na huo ndio unaonguruma."

Akasema haiwezekani, betri yenyewe bado changa, nani angeiua? Hajamaliza, mama mwenye gesti ya jirani akatia kichwa mlangoni.

"Mzee, leo betri tunaichukua saa ngapi? Watu wa santuri wameshaanza kuja."

Nilitazama sakafu nisicheke. Kumbe kila mwisho wa wiki betri ya kampuni ilikwenda gesti kupiga santuri mpaka ikauke, halafu inarudishwa chini ya meza kimya kimya. Mkuu wa Kituo alikohoa, akamwambia yule mama kwamba muziki umekwisha.

Tuliweka betri nyingine kutoka kwenye malori, na mngurumo ukakatika papo hapo. Nilirudi Busia nikiwa na furaha ambayo hata leo siwezi kuieleza.

Mhandisi aliporudi hakuketi. Alichukua kipaza sauti cha redio, akaita Malaba. Sauti ya Mkuu wa Kituo ikajaza chumba.

"Nakusikia vizuri kabisa, bwana Mhandisi. Na umwambie dada fundi, betri nimeitia kufuli."

Mhandisi aliniona nacheka, akauliza kufuli ya nini. Nikasema ni mambo ya kiufundi. Akarudisha kipaza sauti mahali pake. "Basi meza ibaki hapo," akasema.

Ilibaki. Nilihudumu chini ya wahandisi wengine wengi, nikapewa mashine bora kuliko ile, na nilipostaafu nilikuwa nimeshakuwa bibi. Siku hizi vijana wananijia wakiuliza wanunue oskiloskopu gani. Nawauliza kwanza wanatengeneza nini, kiko wapi, na watafikaje huko. Wengine wanaona nazungusha maneno.

Siku yangu ya mwisho kazini nilichukua kitambaa nikaifuta ile meza, taratibu, kona zote. Siku hiyo moja tu ndiyo niliyokuwa fundi wa kupangusa vumbi.