Nilizamisha Okidi za Bi Rukia kwa Makusudi

Nilikosa. Usihangaike kunitafutia sababu, wewe unayesoma. Nimelibeba jambo hili miaka mingi na limenichosha.

Miaka ya sabini ilikuwa inakwisha. Tulikaa Pumwani, chumba kimoja, mimi, mume wangu na watoto wanne. Ukuta kwa ukuta nasi aliishi Bi Rukia, jina nimelibadilisha, mama wa makamo, mshonaji. Alikuwa amezika watoto watatu wachanga, kisha mumewe akamwacha. Huyo ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua kitinda mimba wangu. Huyo huyo!

Alikuwa na okidi tatu kwenye ukingo wa dirisha, alizoachiwa na mama mmoja ambaye zamani Bi Rukia alimfanyia kazi ya uyaya. Alizipanda kwenye makopo ya kakao yaliyotobolewa kwa msumari. Ndani hakuna udongo, ni vipande vya magome ya mti na makaa tu. Zikichanua, nyeupe pe, katika vumbi lile letu, watu walikuwa wakisimama njiani kutazama.

Mume wangu naye alisimama. Akaingia ndani, akasema, "Mwenzio hana mtoto, lakini dirisha lake linapendeza. Lako ni nepi tu."

Nepi za nani? Si za watoto wake! Lakini yeye sikumjibu. Hasira nilimwekea Bi Rukia.

Siku moja akapata habari kwamba mamake amefariki huko Malindi. Akanikabidhi ufunguo huku macho yamemvimba.

"Shoga, mara moja kwa wiki, asubuhi, kikombe kimoja kila kopo. Mizizi ikiwa ya kijani usiiguse, imeshiba. Ikigeuka rangi ya jivu ndiyo ina kiu. Na maji yasituame chini. Hizi hufa kwa kupendwa kupita kiasi."

"Nenda salama, dada. Nitazitunza kama wanangu."

Kama wanangu! Ulimi huu!

Siku hiyo hiyo nilijaza karai maji, nikayatumbukiza makopo yote matatu. Nikafunga dirisha, nikashusha pazia zito. Kila siku niliingia kuongeza maji. Wiki ya pili majani yalikuwa ya njano, yanateleza kama ndizi iliyooza. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, mbona nikufiche?

Bi Rukia alirudi baada ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nimeshayarudisha makopo dirishani na karai nimelitoa. Alishika mzizi mmoja, ukamvunjikia vidoleni.

"Zilipatwa na nini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Ningenyamaza tu! Ningesema sijui! Lakini nilimwangalia usoni nikamwambia, "Bi Rukia, pengine ni mkono wako. Kitu hakikai kwako. Hata watoto hawakukaa."

Hakulia. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Mwezi haukuisha akahamia mtaa wa Huruma.

Ee Mungu wangu, chumba chake kilipobaki kitupu ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilipougua homa ya mapafu, hakuna jirani aliyenibishia mlango. Aliyekuwa akibisha nilishamfukuza mimi mwenyewe.

Miaka minne ilipita ndipo nikapata moyo wa kumtafuta. Alinifungulia, akasimama mlangoni bila kunikaribisha. Nyuma yake, dirishani, kulikuwa na okidi mbili zimechanua.

"Bi Rukia, nimekuja kukiri. Zile okidi nilizizamisha mimi."

"Najua," akasema. "Mizizi haiozi vile kwa kikombe kimoja. Hayo nilikusamehe siku ile ile. Maua hupandwa mengine."

Nikaanza kulia kwa furaha. Akanikatiza.

"Lakini ulinitajia wanangu. Walikuwa na majina, na hukuwahi kuniuliza. Hilo sikusamehe, na nikifa nitakwenda nalo. Usirudi tena."

Akafunga mlango, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Amefariki. Nilikwenda matangani, nikajikunyata kwa wanawake. Mpwa wake akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe ulikuwa nani kwake?" Nikachukua leso yangu nikaondoka.

Ndugu yangu, mtu akikukera nyumbani kwako, malizana naye humo humo ndani. Usimtafute jirani mnyonge ukamtolea hasira. Na kidonda cha mwenzako ukikijua, wallahi, kifumbie mdomo! Mimi sikuufumba, na aliyeweza kunisamehe yuko kaburini.